Alama ya Kidole Kwenye Bodi

Kila umeme ulipokatika, sanduku la dawa la Baba lilirudi tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili, saa sita kamili usiku. Baba naye, kitini kwake dirishani, alirudi miaka anayoijua mwenyewe. Nyumbani tulikuwa na nyakati tatu, na wa kwangu peke yake ndio uliokuwa na haraka.

Sanduku nililitengeneza mimi. Kazi yangu ni kuchora saketi. Saa mbili asubuhi droo inafunguka, Baba anachukua kidonge chake cha moyo, droo inajifunga. Umeme ukikatika, betri ndogo ya duara inailisha saa peke yake. Niliweka na dayodi, mlango wa upande mmoja, ili betri isihangaike kulisha bodi nzima ya saketi. Kwa hesabu zangu ingedumu miaka minane. Ilidumu siku ishirini. Umeme ulipokatika na kurudi saa nne asubuhi, saa ilianza upya kutoka saa sita usiku, na jioni droo ikafunguka tena. Baba akameza kidonge cha pili, akalala mpaka kesho yake mchana. Nilikaa kando yake nikihesabu pumzi.

"Nakuja Jumamosi," kaka yangu mkubwa aliniambia kwenye simu. "Hicho kidude chako kikikosea tena, naondoka naye. Kwangu atapewa dawa kwa mkono."

Kwake ni mwendo wa siku nzima. Niliogopa, sifichi.

Nikabadilisha betri. Nikabadilisha dayodi. Nikipima, bado umeme kiduchu unavuja, sijui unapitia wapi. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa betri ile, tone hilo lilikuwa kifo. Nikaitukana bodi, nikakitukana kiwanda, nikamtukana hata aliyegundua saa.

Baba akanyoosha mkono. Alikuwa fundi wa saa za mkono miaka arobaini, ingawa sasa jina langu mimi bintiye lilikuwa limeshamtoka. Nikampa bodi, angalau ashike kitu. Aliishika kingo tu, akaiinamisha kwenye mwanga, na uso wake ukatulia kama maji ya mtungini.

"Nani kaishika hii kwa vidole?"

"Mimi, Baba."

"Jasho hili. Na haya mafuta ya kulehemu, mbona hukuyaosha? Hukufundishwa?"

Nilifundishwa. Niliona kuosha ni urembo, nami nina haraka. Utando ule mwembamba, katikati ya miguu ya saa, vile vijichuma vinavyoishika bodini, ulikuwa umenyonya unyevu ukawa njia ya umeme.

Akaomba spiriti na mswaki. Akasugua taratibu, akipuliza, na mchana ukawa mrefu. Chumba kikajaa harufu ya duka lake la zamani, nami nikawa na miaka sita, chini ya meza, nikisikiliza saa mia zikibishana. Sikutaka kutoka huko. Bodi ilipokauka nikapima, na mita ikasoma kile kile nilichokipigia hesabu.

Kaka alifika Jumamosi jioni. Kabla hata ya kunywa maji, akachomoa waya wa sanduku ukutani, aone kama saa itadumu hadi asubuhi bila umeme. Usiku mmoja hauthibitishi betri, nilijua. Mimi mita ilikuwa imeshanituliza. Lakini kaka haamini mita, anaamini droo.

Asubuhi, saa moja na nusu, akauchomeka. Tukakaa watatu mbele ya droo. Saa mbili kamili droo ikafunguka. Kaka akatazama saa yake ya mkono, akaitazama tena. Baba akameza kidonge chake.

"Haya, Baba," kaka akasema, bado mbishi. "Twende kwangu, au unabaki?"

"Nitaondokaje? Binti yangu akitoka shule atanikuta wapi?" Akaninyooshea kidole. "Na huyu mwanagenzi, ndiyo kwanza ameanza kujua kuosha. Nani atamsimamia?"

Iliniuma na ikanifurahisha kwa mpigo mmoja. Kaka akarudisha funguo za gari mfukoni.

"Binti yako anatoka saa ngapi?" nikamuuliza.

Baba akageuka, akasoma saa ya sanduku.

"Anatoka saa tisa," akasema. "Bado tuna muda. Lete kazi."