Kiatu cha Kushoto Chini ya Kitanda

Kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa ilipolia, mlinzi wa wodi ya watoto alianza kupanga viti juu ya viti, hata vile vilivyokuwa bado vimekaliwa. Mama wa binti wa kitanda cha dirishani aliinuka, akavua kiatu cha kushoto, akakisukuma chini ya kitanda. Ndivyo alivyofanya kila jioni, ili binti yake ajue kwamba mtu wa kiatu kimoja hafiki mbali.

"Kesho wananipasua goti," binti alisema. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakupenda kuonekana akilia, kwa hiyo alizungumza na dari. "Nataka unishike mkono mpaka nilale."

Mama alikwenda kumwuliza sista wa wodi.

"Ndugu wanaishia kwenye mstari mwekundu," sista alisema. Hakuwa mtu mbaya. "Sikuuchora mimi, mama. Chumba cha upasuaji hakina nafasi ya mtu wa ziada."

"Shida ni nafasi tu?"

"Ni nafasi tu."

Mama alipokuwa njiani kurudi, alikuwa ameshapungua hadi kimo cha meza. Mlinzi, akimdhania mtoto mgonjwa, alimwambia aache kuzurura, arudi kitandani kwake. Alipomfikia binti yake alikuwa anatosha kwenye kikombe. Akaingia ndani ya kiatu chake, akajifunika soksi ya mgonjwa.

"Mama, umekuwa mdogo."

"Nimejibana. Lala."

Asubuhi bibi, mzaa mama, alileta nguo safi. Aliposikia sauti ya mwanawe chini ya kitanda, aliinama, akachungulia kiatuni.

"Wewe ni hivyo hivyo tangu utoto," alisema. "Ukitaka lako, hata nguo haikukai." Akamweka gotini, akamchana nywele kwa mswaki.

Daktari alipita na wanafunzi wake, akawaeleza habari za goti. Goti lilikuwa na mwenyewe, naye akamwonyesha daktari kiganja chake, mama akiwa amesimama juu yake.

"Huyu ni nani?"

"Mama yake," mama alisema. "Habari za asubuhi, daktari."

"Nzuri. Umenawa?"

Walimwosha kwa spiriti kwenye bakuli la chuma na kumvika kofia iliyokatwa kwenye kidole cha glavu. Kitanda kikasukumwa, mstari mwekundu ukapitwa. Mama alikumbatia kidole cha mwisho cha binti yake kwa mikono miwili.

"Usiniachie."

"Nikuachie niende wapi, na kiatu kiko kwako?"

Binti akacheka, na kabla hajamaliza kucheka akalala.

Goti lilipona vizuri. Siku ya kuruhusiwa, binti alitoka kwa magongo, kiatu kikining'inia shingoni kwa kamba. Mama alirudia kimo chake walipovuka geti, akalalamika kuhusu mgongo.

Uongozi wa hospitali ulilitafakari jambo hilo kwa makini, ukafurahi, ukabandika tangazo getini: wazazi wote wanakaribishwa kukaa na watoto wao usiku na mchana, hata wakati wa upasuaji, ilimradi wasizidi kikombe. Kikombe chenyewe kilifungwa kwa mnyororo kwenye meza ya mlinzi. Mstari mwekundu ulipakwa rangi upya.

Siku iliyofuata foleni ilifika barabarani. Wengine walikuja wamekunja mabega, wengine hawakuwa wamekula tangu jana. Mbele kabisa alisimama baba mmoja mrefu, ambaye mtoto wake alikuwa ameungua mkono na maji ya moto. Alikuwa amejibana tangu alfajiri, na kilichopungua ni kiuno tu. Suruali aliishika kwa mkono mmoja.

"Bado, baba," mlinzi alisema, akilinganisha. "Lakini unakwenda vizuri. Penye nia pana njia."

"Nipungue tena?"

"Kidogo tu."

Mtoto aliita kutoka dirishani. Baba alimpungia mkono, suruali ikashuka, akaiinua, akafumba macho, akajaribu tena.