Mikono Iliyoinuka Ukumbini

Mimi na hesabu hatuivi chungu kimoja tangu shule ya msingi. Napenda siasa, napenda watu na maneno yao, na nilitaka sana kuwa mtafiti. Kumbe utafiti wenyewe una takwimu, na huzikwepi. Basi nilikuwa nimeshaamua: tukimaliza utafiti wetu wa mtaani, namwambia profesa anayenisimamia kwamba naacha.

Tulikuwa tunachunguza ni wangapi wamewahi kuuza kura zao. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza kwa adabu zangu zote. Wapi, wote malaika. Hata shangazi, aliyenilea, alikunja uso: "Mimi tena? Mwanangu, si unanijua."

Profesa, mama mfupi asiye na papara, akawaita majirani arobaini ukumbini, akagawa sarafu.

"Kila mtu arushe yake, aitazame, aifiche," akawaambia. "Ukipata kichwa, inua mkono tu, uwe umeuza kura au hujauza. Ukipata namba, sema kweli: umeuza, inua, hujauza, tulia."

"Sasa huu si mchezo wa watoto?" nikamnong'oneza. "Tutajuaje nani ni nani?"

"Hatutajua. Ndiyo maana watasema."

Sarafu zikarushwa. Mikono ikainuka, thelathini na minne. Shangazi naye aliinua wake.

"Sarafu peke yake ingeinua mingapi?" profesa akaniuliza.

"Nusu," nikajibu kwa kununa. "Kama ishirini hivi."

"Na iliyobaki?"

Nikahesabu kwa vidole, jamani, mtu mzima na shahada yangu. Kumi na minne. Yaani kati ya watu kama ishirini waliotakiwa kusema kweli, kumi na wanne hivi wameuza. Ukumbi mzima ulikuwa umeungama mbele yangu, na sikuweza kumnyooshea kidole hata mmoja. Maneno yangu matamu yote hayakuwahi kufika hapo. Nilistaajabu mpaka nikakaa chini.

Watu wakitoka, shangazi alinishika bega. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Leo nimepumua," akasema, akaenda zake.

Sikumuuliza sarafu yake ilionyesha nini. Nilimfuata profesa, aliyekuwa akipanga viti.

"Hesabu bado siipendi," nikamwambia. "Lakini nifundishe."