Saba Isiyopata Zamu

Jumamosi asubuhi Lamara alikuwa anakanda unga wa mkate wa jibini kwenye pembe ya meza, maana meza yote iliyobaki mumewe Vazha alikuwa ameitandazia saa yake. Aliiunda mwenyewe kiwanda cha mizani alichofanyia kazi kilipofungwa: kisanduku cha mti wa jozi, na juu yake vichupa vinne vya neoni alivyovinasua kwenye mashine kuukuu. Ndani ya kila kichupa zimo tarakimu za waya, sifuri hadi tisa, zimepangana moja nyuma ya mwenzake, na inayoitwa ndiyo huwaka, rangi ya kaa la moto.

Wiki ya tatu hiyo kichupa cha kwanza kinapepesa. Vazha alikwisha kupima umeme, akabadili rezista, akasugua miguu ya kichupa kwa kifutio cha penseli, akalehemu upya. Kinapepesa tu.

"Leo dada yangu Tsiala anatimiza mwaka kaburini," alisema Lamara. "Mezani, glasi zikiinuliwa, nitamsemea mimi."

"Tulia, mama. Neno la marehemu ni la mwenye meza, na mwenye meza ni mimi."

"Mazishini ulimsifu sauti. Tsiala hakujua wimbo hata mmoja."

"Nani alilalamika?"

Lamara alipangusa unga mikononi, akakiinamia kichupa. "Hiki cha kwanza huita sifuri, moja na mbili basi, maana saa za siku huishia ishirini na tatu. Hiyo saba imekaa huko nyuma miaka kumi na mmoja, haijaitwa hata siku moja. Ungekuwa wewe usingepepesa?"

"Hizo ni waya, Lamara."

Jioni wakaja jirani yao Gizo na shemeji wawili. Kwenye glasi ya tatu kichupa kiliacha kupepesa, saba ikatoka mbele, ikawaka. Ikawa saa sabini na moja na dakika nne. Jua la siku ndefu za majira ya joto lililokuwa linashukia nyuma ya kiwanda cha mikate likasimama palepale. Gizo akatazama saa ya mkononi, nayo ilikuwa imesimama kwa adabu.

"Saa sabini na moja," alisema. "Bado mapema. Mimina."

Vazha aliinuka na glasi. "Tunywe kwa heshima ya saba hii! Imengoja zamu yake kimya, haikugombana na mtu. Walioko nyuma nao wana moto wao, jamani!"

Wanaume wakasimama wote. Shemeji mmoja alifuta chozi.

Lamara alikuwa mlangoni na sinia. "Basi na mimi, neno dogo la Tsiala..."

"Zamu yako itafika, mama. Lete, mkate unapoa."

"Haupoi. Ni saa sabini na moja."

Lakini Vazha alikwisha kuinua tena. "Na marehemu Tsiala! Sauti kama ya ndege!" Wakanywa hadi tone la mwisho.

Tangu hapo saa sabini na moja huja kila Jumamosi. Majirani wameizoea, wengine huanika nguo, maana jua halisogei. Wageni hukaa saa nzima zaidi, na Lamara huosha sahani za saa nzima zaidi.

"Nimeitengeneza," Vazha humwambia kila anayeingia. "Kumbe ilitaka kusikilizwa tu."

"Kumbe," husema Lamara, kisha huenda kuongeza maharage.