Makofi Koridoni

Mwalimu Longinus hakuwa mtu wa kutoa maksi. Mwanafunzi akimaliza kutenda jambo mbele yake, alimwambia "umemudu" au "bado," basi. Chuo kikuu chake kilikuwa kimebadili mtaala wa uuguzi: kukariri hakutoshi tena, lazima mikono ifanye na mwalimu aone. Mimi niliyesomea ukunga enzi za kukariri nilibeza, maana sisi wa zamani hatukosi la kubeza. Wanafunzi wake walipofika wodini kwetu Kibondo, wakitokea mazoezini Kasulu, nikawaona wanavyofanya kazi, nikaacha kubeza.

Kati yao alikuwepo Esteri, binti wa Nyabibuye. Alikuwa amemudu yote isipokuwa moja: kumpa pumzi mtoto aliyezaliwa halii. Kwenye mdoli wa mazoezi alishaambiwa "bado" mara mbili, kisa mikono inatetemeka na barakoa ya mfuko wa kupulizia inavujisha hewa. Sasa ilibaki kwa mtoto wa kweli, na akikosa anarudia mwaka. Kwao baba yake alikwisha kumtenga mbuzi wa mahafali, na kijiji kizima kilimjua mbuzi huyo kwa sura.

Kila akipata nafasi alikuwa na mdoli, hata chai anasahau. Nikamtania kwamba siku akizaa wake atawachanganya. Alicheka kwa adabu tu, akaendelea kupuliza.

Asubuhi moja gari la wagonjwa likamleta mama mmoja, Mpawenimana, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta. Uchungu ulikuwa umemshika muda mrefu mno, na alipofika kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatokeza. Nafasi ya upasuaji ilikuwa imepita. Mapigo ya moyo wa mtoto niliyasikia kwa mbali sana. Akazaliwa wa kiume, mnene, mzuri, na kimya.

Nilikata kitovu, Esteri akampokea na kuingia naye chumba cha pembeni, Longinus nyuma yake, tayari kushika akiona amekosea. Daktari Brighton akaitwa, akaja mbio. Mimi nilibaki na mama, kondo la nyuma lilikuwa bado. Mlango wa chumba kile ulikuwa wazi nusu, na kutoka nilipokuwa nilimwona Esteri. Alimkausha mtoto, akamsugua mgongo, akaweka barakoa, akaanza kupuliza. Mikono haikutetemeka. Kifua kidogo kilipanda na kushuka kama inavyotakiwa, pumzi baada ya pumzi. Sijaona kazi safi kama ile, na nimezeeka wodini.

Haikusaidia. Daktari alisikiliza moyo, akasikiliza tena, akamshika Esteri mkono ili aache.

Esteri akasimama vile vile na barakoa mkononi. Nadhani Longinus aliona binti anataka kuanguka, akatafuta cha kumshikiza, na mtu yule maneno yake ni yale yale.

"Umemudu, Esteri," akasema.

Sasa, chuoni kwao neno hilo lina desturi. Likitamkwa, wenzako wote wanakupigia makofi matatu ya pamoja, kwa sababu kila mmoja anajua uchungu wa "bado." Wenzake walikuwa koridoni wakisubiri. Mtoto hawakumwona, walichosikia ni neno. Wakapiga, tena kwa nguvu, maana walimpenda.

Mpawenimana akanikamata mkono. "Imana ishimwe," akamshukuru Mungu kwa Kirundi, akacheka huku machozi yanamtoka. Nilikwisha kuona, yeye hakuwa ameona, nikajifanya nashughulika na kondo la nyuma.

Esteri akatoka na mtoto amemfunga kwenye kitenge cha Mpawenimana. Kumwambia mzazi ni kazi ya aliyehudumia, ndivyo walivyofundishwa. Mama akanyoosha mikono yote miwili.

"Sikusikia analia," akasema, "lakini nimesikia wanapiga makofi, nikajua ni mzima. Nipe, sista."

Esteri alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Mama, mtoto amefariki. Tumejitahidi kumpa pumzi, moyo haukurudi. Pole sana, mama."

Mpawenimana alikitazama kitenge, akanitazama mimi, akarudisha macho kwa Esteri. Mikono ilikuwa bado imenyooka.

"Hamkupiga makofi?"

"Wamepiga, mama."

"Ya nini, basi?"

Vijana wale wa koridoni walikuwa wameelewa. Moyoni nilimwomba binti yule adanganye. Uongo ulikuwepo wa kutosha: angesema ni watu wa wodi nyingine, angesema mama amesikia vibaya, nami ningemuunga mkono na Mungu angetusamehe wote. Lakini Esteri alimweka mtoto kwenye mikono ile, taratibu, akishika shingo yake kama ya mtoto aliye hai.

"Ni yangu, mama," akasema. "Nimefaulu."