Sura Iliyokoholewa

Kwenye kiwanda chetu kidogo cha vitabu, mhariri hakati maneno ya mtu kwa akili yake. Anakata kwa makoo ya watu. Kabla kitabu hakijaingia mashineni, mwandishi anaitwa Ijumaa jioni, viti vinapangwa mle mle katika chumba cha kazi, majirani wanaingia, na mwandishi anasimama kukisoma kwa sauti, sura moja kila wiki mpaka kiishe. Mhariri anakaa pembeni na nakala yake na penseli. Mtu akikohoa, alama. Kiti kikilia, alama. Mtu akimuuliza jirani yake saa ngapi, alama mbili. Kesho yake anatazama, na palipojaa alama panaondoka. Husema mwandishi akishindwa kumtuliza mtu aliyekaa mbele yake, atamtulizaje yule aliyelala kitandani kwake na kitabu kifuani.

Mimi ni dobi. Marehemu mume wangu aliniachia makarai, pasi mbili za mkaa na dada yake. Makarai yametoboka, pasi moja imekufa, dada yake yupo. Huyo ndiye wifi. Tunafanya kazi kibanda kimoja: mimi nafua, yeye anapiga pasi, na katikati tunasemana kwa adabu. Macho yake hayashiki tena herufi, lakini mkunjo wa kola anauona kutoka ng'ambo ya barabara.

Kitabu changu kinahusu kazi hiyo. Mna sura ya vitu vinavyosahauliwa mifukoni, ya madoa na wenyewe, ya vifungo. Ya mwisho ni ya wifi. Nilifanya kosa la kumwambia. Tangu siku hiyo, mteja akija kuchukua shati anaagizwa alipokee kwa mikono miwili, kwa kuwa limenyooshwa na mtu wa kitabuni.

Ijumaa ya sura hiyo wifi hakuja. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yanangojewa, akabaki kuyamaliza. Nilisimama peke yangu, jasho likinitoka kama nimevaa kazi yangu bila kuikamua. Fundi wa mashine, mama mmoja mnene mwenye huruma nyingi na maneno machache, akaniona, akainuka akaniwashia feni mpya. Nikamshukuru kwa kichwa. Sikumaliza ukurasa wa kwanza mstari wa mbele ukaanza kukohoa. Kidogo wa nyuma wakadaka. Mwalimu mmoja mstaafu akakohoa mpaka akatolewa nje akiwa ameshikwa mkono. Nami nikaongeza sauti, nikasoma hadi nukta ya mwisho kama mtu anayeuza dawa sokoni, na kila nikimtupia jicho mhariri naona penseli inacheza.

Kesho yake aliniambia kwa upole, na upole ndio uliouma. Sura nzima inatoka. Kitabu kitaishia kwenye vifungo.

Nilirudi kibandani. Wifi hakuinua kichwa, akauliza kama walimpenda. Nikasema watu walitoka na machozi, na hilo halikuwa uongo.

Jumatatu nikaenda kuomba karatasi zangu, angalau nimsomee wifi mwenyewe pale kwenye meza ya pasi. Mhariri alikuwa na mgeni. Nikakaa kiti cha mbele kungoja. Fundi alikuwa anakata karatasi, rundo kwa rundo, kwenye ile mashine yenye kisu kipana. Aliponiona najipepea na kanga, akaniwashia feni.

Nilikohoa mpaka nikaona nyota. Nilipopata pumzi nikatazama kifuani: gauni langu jeusi limeota manyoya meupe. Mtu mwingine angejikung'uta tu. Mimi manyoya ya nguo ndiyo chakula changu. Nikayasokota kwa vidole. Hayakusokoteka, yakawa unga. Haya hayakutoka kwenye nguo yoyote. Nikageuka. Feni ilisimama nyuma ya meza ya kukatia, karibu na soketi, uso umeelekea kwenye viti. Siku nzima kisu kinamwaga vumbi la karatasi mezani, na jioni ya Ijumaa, kwa ajili ya kuniheshimu mimi, likapulizwa lote kwenye pua za wageni.

Mhariri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kwa huzuni. Alisema hajawahi kumpata mwandishi anayekiri kuwa amekoholewa kwa haki. Mmoja alisingizia mvua. Mwingine alidai mkewe alileta watu wa kukohoa. Akinifungulia mimi, Ijumaa ijayo kila mmoja atakuja na vumbi lake mkononi, na hapo penseli yake itakuwa ya nini. Nikaona ana hoja, jambo lililoniudhi zaidi.

"Mhariri," nikamwambia, "mimi nimefukuzwa na watu wenye sauti kubwa kuliko yako, na mashuka yao nafua mpaka leo. Hapa siondoki."

Nikakaa. Akaendelea na kazi, nami nikaendelea kukaa. Alipofunga nikaenda nyumbani, na asubuhi alinikuta mlangoni. Ila sikuwa peke yangu, kwa sababu wifi alikuwa ameniona nachukua ndoo nzuri, akataka kujua inakwenda wapi. Ikabidi nimweleze. Akaegesha pasi, akachukua kitambaa chake.

"Twende," alisema. "Kama ni kunikohoa, wanikohoe nimekaa mbele yao."

Tulifua chumba kile kama shuka. Feni tuliifungua panga moja moja. Mapazia yalitoa maji meusi, viti vikapata rangi ambayo mwenye navyo alikuwa ameshaisahau. Mhariri alipita kati yetu akiinua miguu, akijitia hamnazo, huku wifi akimwamuru ashike hiki, asogeze kile, baba mzima anasimamaje tu. Mchana fundi akamwambia mhariri, bila kuulizwa, kwamba kurasa za mwisho hazijachapwa bado na hazitachapwa kabla ya Jumamosi, mashine inataka kutiwa mafuta. Mhariri akasema ilitiwa jana. Fundi akasema inataka tena.

Hapo mhariri akaketi kwenye kiti chenye maji na kukubali. Ijumaa, wasikilizaji wale wale, sura isomwe mara moja. Wakikohoa, inatoka, na nisilete visingizio tena. Nikampa mkono, ukiwa na povu.

Nilipita mlango kwa mlango kuwakusanya. Mwalimu mstaafu alisema sura hiyo ameshaisikia. Nikamwambia alichosikia ni kifua chake. Akaja.

Ijumaa feni ilizimwa, ikageuziwa ukutani kama mtoto aliyekosa. Wifi alikaa mbele kabisa, kitambaa cha kichwa kimenyooshwa hata nzi angeteleza. Nikaanza. Ukurasa wa kwanza, kimya. Ule wa kamba ya kuanikia, jinsi tulivyoigombania mpaka ikakatika na sote tukaanguka chini na mashuka ya watu, wakacheka, na kicheko hakina alama. Mhariri aliiweka penseli gotini.

Nikafika penye aya yangu. Niliipenda aya ile kuliko watoto wa watu. Niliiandika nikiifuta hadi ikang'aa: siku tuliyomzika mume wangu, wifi ananiangukia shingoni, anaomba msamaha kwa miaka yote, nami namsamehe, machozi yetu yanalowesha kanga moja. Nikashusha sauti. Nikasoma polepole.

Kikohozi. Kimoja, kikavu, mstari wa mbele.

Penseli ilipanda, ikaning'inia hewani. Mhariri alitazama feni, akanitazama mimi.

"Hilo ni vumbi?" aliuliza.

"Vumbi la wapi," wifi akasema. "Ni mimi."

"Wifi, umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu. Sijakuomba msamaha mpaka leo, na wewe ndiye wa kuniomba. Nilikuja kuuliza pasi iko wapi."

Chumba kizima kilinigeukia. Ningeweza kusema huyu ana lake jambo, mhariri asimhesabu. Nilifungua mdomo kusema hivyo hasa. Lakini sheria ya chumba kile haiulizi sababu ya kikohozi, na mimi ndiye niliyefua mapazia ili kikisikika kijulikane ni cha kweli.

"Weka alama," nikamwambia mhariri. "Kata yote."

Nikafunga karatasi nikasema kwa mdomo. Kwamba waombolezaji walikuwa bado mkekani wifi alipoingia, mikono ya gauni ameikunja, akauliza pasi iko wapi, maana nyumba ya wageni haikufiwa na itataka mashuka yake. Kwamba nilimwambia pasi si yake. Kwamba aliitafuta mwenyewe, akapiga pasi wiki nzima mimi nikiwa nimelala nimeukabili ukuta, na hakuwa anajua kazi, akaunguza shuka jipya katikati, alama ya pasi kamili na ncha yake. Akaniletea kitandani nilione. Nikaamka nikamtukana matusi yote niliyokuwa nayo. Na katikati ya matusi ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu mume wangu alipofariki, na yeye akasimama pale, shuka mkononi, akingoja nimalize ili nimfundishe.

Hakuna aliyekohoa. Nilisikia mchakacho tu pembeni. Mhariri alikuwa ameinamia nakala yake, anaandika pembezoni mwa ukurasa, haraka asiachwe nyuma. Penseli ile wote tuliijua kwa kuondoa. Fundi aliinuka kimya, akaenda kutazama mashine yake.

Kitabu kilitoka na sura zake zote. Nakala moja inakaa kibandani, juu ya rafu ya mkaa, na wifi huniamuru nimsomee tukiwa na mteja. Nikifika kwenye lile shuka lililoungua, huegesha pasi, hukohoa kidogo, na kumwambia mteja kwamba hata hivyo shuka lenyewe lilikuwa kuukuu.