Bamba la Saba

Kufikia kundi la nne la siku hiyo, mwongoza wageni alikuwa anasema kwa mdomo tu. Akili ilishatangulia nyumbani kuvua viatu. Nyuma yake ilisimama sanamu ya mabamba saba ya chuma, kila moja refu kuliko nyumba ya ghorofa. Sita yamenyooka. La saba limeinama kama mtu aliyesinzia kazini, na ndilo kila mgeni analoulizia.

Leo mkurugenzi mpya alijichomeka mwishoni mwa kundi, kalamu mkononi. Waongozaji walikuwa wawili, na nafasi imebaki moja. Mkurugenzi alishasema wazi: atabaki yule asiyetoka nje ya maelezo ya ofisi. Na mbele kabisa, kofia kifuani, alisimama baba mkwe wa mwongozaji, dereva wa kreni mstaafu. Miaka tisa tangu mabamba yasimikwe, mzee hakuwahi kukanyaga hapa. Asubuhi tu akasema, "Leo nakuja kukusikiliza, mwanangu." Siku zote za Mungu, akachagua hii!

"Bamba la saba," akaanza kama kasuku, "msanii aliliinamisha makusudi. Ni uchovu wa binadamu aliyebeba..."

"Hakuliinamisha," mzee akasema.

Kundi zima likamgeukia.

"Mimi ndiye niliyelishusha. Zege lilikuwa bado bichi. Tulikuwa tunawahi ufunguzi, msimamizi ananiambia shusha, shusha. Asubuhi tukalikuta limelala hivyo. Msanii akalitazama weee, akasema liacheni. Mwezi mzima sikupata usingizi. Nimeona niseme, nisije nikazikwa na siri hii."

Kalamu ya mkurugenzi ikasimama. "Ni kweli hayo?" akamuuliza mwongozaji.

Alijua ni kweli. Mzee huyu hakuwahi kumdanganya hata kwa mzaha. Akawaza watoto, akamwaza mume aliyekaa bila kazi tangu mwaka juzi.

Mzee akamtazama usoni, akaelewa. Maisha yake yote aliishi kwa kusoma ishara za watu walio chini ya kreni.

"Aa, samahani, bosi," akacheka, akijipiga paji la uso. "Uzee huu! Nachanganya mambo. Lile lilikuwa bango la kiwanda cha saruji. Endelea, mama, endelea."

Watu wakaangua kicheko. Mgeni mmoja akampigapiga mzee mgongoni kama anabembeleza mtoto. Na mwongozaji naye, Mungu amsamehe, akacheka.

Akaendelea mpaka nukta ya mwisho. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu, akaenda zake. Kwa aibu, mwongozaji hakuwaaga hata wageni.

Walipotawanyika, alimkuta mzee chini ya bamba, kiganja juu ya chuma.

"Nisamehe, baba."

"Umeeleza vizuri, mwanangu. Kwa dakika mbili hivi, hata mimi niliamini sikukosea."

Akavaa kofia, akauliza mlango wa kutokea uko wapi, yeye aliyeyasimika yote saba.