Makoti Mawili

Tangu alfajiri sikuweza kukaa kitako. Nilikaa, nikainuka, nikachemsha chai, nikaiacha ikapoa. Koti lilikuwa limetundikwa mlangoni, nami kila nikipita naligusa bega kana kwamba lingetoroka.

Lilikuwa la marehemu baba mkwe wangu, mpiga tarumbeta wa kumbi za dansi za Blackpool: jeusi, lenye mikia miwili mirefu nyuma na kola ya hariri. Mke wangu Glenda alilipunguza kiunoni ili linienee. Alilishona kitandani, wakati wakubwa wa hospitali wakituambia subirini, zamu yake ya upasuaji bado. Tukasubiri. Wale wakubwa hawajui kusubiri kulivyo, wao husubiriwa. Koti likaisha, na Glenda naye akaisha.

Alilishona kwa ajili ya farasi. Sisi wateja wa baa ya Des Pluckrose tulichanga tukanunua kipande cha farasi jike aitwaye Dusty Bell. Des husema sisi tuna kwato moja na nywele chache za mkia, wengine ndio wenye farasi. Lakini mwenye kwato naye ni mwenye farasi, na kwenye mashindano makubwa ya Juni mwenye farasi hupewa beji ya kuingia ua wa wakubwa, mpaka kwenye duara la majani wanakozungushwa farasi kabla ya kukimbia. Miaka yote mimi na Glenda tulilitazama duara lile kutoka nje ya uzio, tukila sandwichi zetu za mayai. Akaniambia, "Cliff, safari hii usinisimamie uzioni. Simama ndani, karibu na farasi wetu, na koti hili." Nikamwambia haya.

Basi nikafika langoni, kofia ndefu ya kukodi kichwani, jua likichoma kama lina kisasi. Mlinzi wa lango alikuwa kijana mwenye kofia nyeusi ya duara. Alinitazama kuanzia juu, macho yakakwama tumboni.

"Samahani, bwana. Hilo ni koti la usiku."

"La usiku vipi? Si nimelivaa mchana?"

"La usiku hukatwa hapa mbele, kiunoni. La asubuhi huteremka taratibu mpaka nyuma. Humu ndani ni la asubuhi tu."

"Mikia si hii hapa? Wewe unataka mingapi?"

"Mikia haina neno, bwana. Tatizo ni mbele."

"Na saa hizi ni asubuhi? Watu wameshakula chakula cha mchana, mwanangu."

Nyuma yangu mtu akacheka. Kijana hakucheka. "Sikuitunga mimi sheria, bwana."

"Nchi hii hakuna aliyeitunga. Kila ukimuuliza mtu, si yeye."

Alinionyesha kwa kidole hema jeupe, wanakoazimwa makoti waliokosea. Des akatokea kwa ndani, tumbo limetangulia, amevaa kijivu kitupu kuanzia shingoni.

"Cliff, achana na huyu. Kaazime koti, upesi. Dusty Bell hakawii kutolewa."

"Hili ni la Glenda, Des."

Akatazama viatu vyake. "Najua, ndugu yangu. Lakini ukisimama nalo huku nje, umemfanyia nini?"

Nikaenda mpaka mlangoni mwa hema, nikarudi. Nikaenda tena. Nikilivua, nimeingia mwenyewe bila yeye. Nisipolivua, tumebaki uzioni wote wawili, kama kawaida, kama wanavyotaka. Miguu haikutaka kusimama, na kichwa nacho kilikuwa kikitembea. Mwishowe nikaingia.

"Nipe kubwa kuliko yote," nikamwambia mama aliyekuwa akigawa.

Akatoa jeusi, pana kama pazia. "Humu utaenea wewe na jirani yako, mpenzi."

"Ndilo hilo hilo."

Nyuma ya hema, katikati ya masanduku, nikalivaa juu ya koti la Glenda. Mikia nikaifunika kwa mikia, kola ya hariri nikaikunjia ndani. Nikarudi langoni. Yule kijana akanikagua, akatikisa kichwa kukubali. "Safi kabisa, bwana. Karibu."

Des akanizunguka mara moja. "Wee! Umenenepea hemani?"

"Nyamaza utembee."

Humo ndani wanaume walijaa, makoti meusi na ya kijivu, kunguru na njiwa, na wote walikuwa wakiiva. Maana pale huvui koti mpaka msafara wa magari ya farasi ya wakubwa upite, kisha kipaza sauti kitoe ruhusa. Na wakubwa walikuwa bado mezani. Mzee mmoja alikaa kwenye ngazi, uso mwekundu kama nyama mbichi, mkewe akimpepea kwa kofia yake mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumfungua hata kifungo. Ndivyo walivyotuzoesha: tufe, lakini tumevaa.

Mimi sikutulia mahali. Nikisimama, jasho linateremka mpaka kwenye soksi. Nikitembea, bitana mbili zinasuguana kama watu wanaonong'ona.

"Cliff, utaanguka," Des akasema. "Una nini humo ndani?"

Nikamfunulia kola kidogo, akaiona hariri. Akaifunika upesi kwa mkono wake.

Magari yakapita. Watu wakapunga mikono, mimi nikafuta macho, ni jasho. Tukaitwa kwenye duara. Majani yake ni laini kuliko zulia la nyumbani kwangu. Farasi wakaanza kuingia, wakishikwa hatamu, na ndipo kipaza sauti kikasema kwa sauti ya mtu aliyekaa kivulini: mabwana sasa mnaruhusiwa kuvua makoti.

Ukasikika mguno mmoja, kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Makoti yakavuliwa kila upande. Nami nikavua langu la kuazima, nikamtupia Des mkononi, nikanyoosha kola ya Glenda.

Kijana wa lango akanijia mbio mbio. "Bwana! Livae tena lile."

"Wamesema tuvue. Nimevua."

"Basi na hilo livue."

"Wameruhusu, hawakuamuru," Des akadakia. "Na hawakusema makoti mangapi."

"Namwita mkuu wangu."

"Mwite."

Mkuu akaja, mzito wa mwili, mikono ya shati imekunjwa, kwapa zimelowa. Akalitazama koti langu mbele, akalitazama nyuma.

"Bwana, vazi hilo halifai humu."

"Na lako liko wapi?" nikamuuliza.

Akajitazama. Hakuwa na koti. Des alikohoa mpaka akainama. Mkuu alikuwa bado anakunjua mikono ya shati Dusty Bell alipofika, akitupa kichwa, naye hatulii. Mshika hatamu akasema, "Nyie mko upande wake?" Nikasema ndiyo. Farasi akapenga kamasi zake zote kwenye kola ya hariri.

Nikasimama. Miguu ilitulia, sijui ni kwa kitambo gani. Watu wote mashati meupe, mimi peke yangu na koti.

Dusty Bell akakimbia, akawashinda wawili tu. Des alifurahi kama ametwaa kombe, akaenda kutafuta bia. Mimi ile hali ya kuwashwa miguu ikarudi. Nilirudisha koti la kuazima, nikatoka langoni, na bila kukusudia nikajikuta nimefika pale petu, nje ya uzio. Palikuwa na mtu na mkewe, wamekaa juu ya mfuko wa plastiki, wanakula.

Yule mke akanigeukia. "Unatoka harusini, baba?"

"Natoka ndani."

"Ee! Kukoje huko?"

Nikalitazama duara. Lilikuwa tupu, mtu mmoja anaokota mavi ya farasi.

"Joto," nikamwambia.

Akasogea kunipa nafasi. Nikamwambia asante, nakaa sasa hivi, nikabaki nazunguka.